Karatasi ya Mikeka

Dar es Salaam,
4 Juni 1998

Dada Paskazia, shikamoo.

Ni wiki ya pili tangu tuondoke hapo kambini na mimi bado sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Kila siku kuanzia asubuhi niko kwenye chumba kisicho na dirisha, mimi na Donati, mwongozaji wetu, tunaangalia kanda tulizorekodi kwenu. Yeye anakata na kuunga. Mimi naandika kila neno linalosemwa, dakika kwa dakika, na kutafsiri Kipogoro cha wale bibi. Kwa hiyo nakuona kila siku. Nimekuona ukimsuka mwanao Yunis, mbele na nyuma, mara kumi. Wewe hujaniona hata mara moja. Jambo hilo linanisumbua, na sijui kwa nini nakwambia.

Habari nzuri ni hii. Donati ameipenda kuliko zote kanda ya kumi na moja, ile ya siku ya mwisho ya mazoezi. Mlikuwa mmelala chali kwenye mikeka, mmejifunika kanga mpaka usoni kwa ajili ya nzi. Kwenye kozi ya yoga nilifundishwa kwamba huo ni mkao wa maiti. Mbele yenu, watu mliotoka kwenye maji ya mafuriko majuzi tu, niliuita kupumzika. Nikasema pumueni polepole, acheni mgongo ushike ardhi. Wenzako wakaamka kwenda foleni ya maharage. Wewe ukabaki, ukatoa kanga usoni, ukasema: "Wenzangu walikimbia maji. Mimi nilimkimbia Anselim. Maji yalinikuta njiani, yakanificha."

Donati anasema filamu nzima imesimama juu ya maneno hayo. Mimi nimeyasikiliza mara nyingi mno. Sijawahi kumsikia mtu akisema jambo zito kwa sauti nyepesi vile, na nakiri najivunia kwamba mazoezi yangu ndiyo yaliyokufungua kifua.

Filamu itaonyeshwa kwanza hapohapo Ifakara, ukumbini, Jumamosi tarehe 18 Julai. Watu wa wilaya wamealikwa, na kamati ya viwanja pia. Ninyi mtakaa mbele.

Msalimie Mama Serafina. Ule mkono wako usiubebeshe ndoo.

Mdogo wako,
Verediana


Kambini, Ifakara,
12 Juni 1998

Mwalimu Verediana, marahaba.

Barua yako konda ameileta ikiwa na harufu ya dagaa, lakini inasomeka. Sisi wazima. Yunis alishikwa na homa, imeshuka.

Mazoezi tunaendelea nayo. Uliacha mikeka kumi na miwili, sasa iko kumi na mmoja, mmoja ameula mbuzi wa Masanja. Tulipomfuata akasema yeye Msukuma alikuja bonde hili na ng'ombe mia, maji yamemwachia mbuzi watatu, tukimnyima mbuzi wake mkeka tutakuwa tumemmaliza. Mama Serafina akamwambia basi na yeye aje alale chini kama mkeka, tumkanyage.

Katekista naye alikuja kuuliza kama tunaabudu kitu. Serafina akamjibu, "Katekista, lala hapa na huo mgongo wako unaokusumbua, ukiamka utuambie umemwona mungu gani." Hakulala, ila hajarudi kuuliza.

Nina maswali. Hao watu wa kamati ya viwanja, wataangalia mpaka mwisho? Na maneno yangu yapo mwanzoni au mwishoni? Na hiyo filamu inaweza kuvuka mto kufika Lupiro? Kule kuna banda la video.

Nauliza tu.

Paskazia


Dar es Salaam,
19 Juni 1998

Dada Paskazia, shikamoo.

Maswali yako yamenifurahisha. Nilikuwa na hofu kwamba filamu ni kitu chetu sisi tu, kumbe na wewe unaifikiria.

Maneno yako yapo mwishoni. Baada ya hapo ni uso wako, kimya, sekunde ishirini. Hakuna atakayeondoka kabla. Na ndiyo, Lupiro itafika. Donati anataka kutoa nakala kwa mabanda ya video pande zote mbili za mto, Lupiro mpaka Mahenge. Nilipomwambia umeulizia Lupiro alisema, "Unaona? Anataka asikike na huyo mume." Ndivyo na mimi nilivyokuelewa. Wapo wanawake wengi ng'ambo ile wanaohitaji kusikia kwamba inawezekana kuondoka.

Kama unaona haya kidogo, ni kawaida. Kuhusu ruhusa usiwe na wasiwasi, kila kitu kipo sawa, ulisaini. Karatasi ninayo hapa mezani: namba saba, Paskazia, kwa mwandiko wako mzuri ulioinama.

Nakuandikia upesi, Donati ananiita.

Verediana


Kambini, Ifakara,
25 Juni 1998

Verediana,

Karatasi ipi?

Mimi nakumbuka moja. Ulisimama na ubao wenye kibanio, mikeka umeibana kwapani, ukasoma kitu harakaharaka jua likitupiga, halafu tukapanga foleni. Unaweka jina, unachukua mkeka. Ukurasa tuliouona ulikuwa na majina tu. Hapa kambini tunasaini kila kitu: blanketi, sabuni, ndoo, unga. Mtu akinyoosha kalamu, mkono unakwenda wenyewe. Nimewauliza wenzangu wote kumi na mmoja, na wote wamesema ile ilikuwa karatasi ya mikeka. Kristina ameuliza kama sasa mnaitaka mikeka yenu.

Na kamera nilidhani imelala. Donati alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilikuwa naongea na wewe. Mgongo ulikuwa umelegea, macho yalikuwa yametoka gizani, na wewe ulikuwa umekaa pale miguuni kwangu kama ndugu. Nilikujibu wewe, si watu wa Lupiro.

Sasa nikueleze ni kitu gani umekishika. Viwanja tunavyosubiri, vya kule juu upande wa Kisawasawa, ni vya watu ambao nyumba zao zilizama kitongojini. Mimi kitongojini sikuwa na nyumba. Nilitoka Lupiro na Yunis mgongoni, nikavuka mto, siku mbili kabla ya maji. Nilimkuta Serafina anaanua mpunga. Hakuniuliza kitu, alinipa uji. Maji yalipotutoa, akaniandikisha kuwa ni mdogo wake wa tumbo moja. Bila hivyo wangenirudisha kwetu, na kwetu ni kwa Anselim. Mkono huu ninaoandikia yeye ndiye aliyeuvunja. Ndiyo maana mwandiko unaousifu umeinama.

Kamati wakisikia, jina langu linafutwa, na la Serafina linafuata kwa kusema uongo. Anselim akisikia, atakuja, na najua anavyokuja.

Toa maneno yangu. Nijibu mapema, kamati inakaa Jumatano.

Paskazia


Dar es Salaam,
1 Julai 1998

Dada Paskazia,

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma natembea, nikajikuta nimefika baharini bila kujua nilikuwa nakwenda wapi. Leo ndiyo Jumatano. Jibu langu limeshachelewa kabla sijaliandika.

Nilijua. Si yote, lakini ya kutosha. Nilipokuwa nasoma ile karatasi niliona macho yenu yako kwapani kwangu, kwenye mikeka. Ningeweza kuiweka chini nikaanza upya. Nilijiambia jua ni kali, watu wamechoka, kesho nitawaeleza vizuri. Kesho yake sikueleza. Na kamera, Donati aliponyanyuka aliniambia, "Mimi naenda chai, mashine inaendelea." Taa nyekundu niliiona. Ulipoanza kusema nilisogea upande kidogo ili nisikukinge. Nimeiona kwenye kanda: bega langu linatoka kwenye picha taratibu, kama mlango unaofunguliwa. Nimeliangalia bega hilo mwezi mzima nikiandika maneno yako, na sikutaka kujua linafanya nini pale.

Nimezungumza na Donati. Si mtu mbaya. Mwezi uliopita alikaa siku tatu bila kukata kitu kwa sababu ya yule bibi aliyepoteza wajukuu. Lakini nilipomwambia tukutoe, alisema, "Vere, maji watu wameyaona kwenye taarifa ya habari mpaka wameyachoka. Ukimtoa huyu mama unabaki na maji na ng'ombe."

"Hakujua anarekodiwa."

"Alisaini."

"Alisaini mkeka."

Akacheka, akidhani natania. Kisha akaona sitanii, akasema tutaweka giza usoni kwako. Nikamuuliza na sauti? Lupiro nzima inaijua sauti yako. Akasema atafikiria. Kufikiria kwake nakujua: anafikiria mpaka siku inafika.

Saa nane. Amekwenda kula. Niko peke yangu.

Saa nane na dakika hamsini. Nimeitia kanda ya kumi na moja kwenye mashine na kurekodi juu yake bila kuunganisha kitu upande wa pili. Dakika arobaini za weusi. Kile kipande alichokuwa ameshaunga nacho nimekifuta. Nilikaa mpaka mwisho nikiangalia. Hakuna nakala nyingine. Hakuna atakayekusikia, Dada Paskazia, si kamati, si Anselim, si mtu yeyote.

Mlango unafunguliwa. Nitamwambia mwenyewe, kisha naipeleka barua hii stendi.

Verediana


Kambini, Ifakara,
2 Julai 1998

Verediana,

Nilisubiri jibu lako mpaka Jumanne jioni. Basi lilifika, konda akatikisa kichwa. Jana asubuhi nikavaa gauni la kanisani nikaenda kwenye kamati.

Mwenyekiti, Mzee Valentino, aliniambia, "Mama, wewe hukuitwa."

Nikasema, "Shikamoo mzee. Najua sikuitwa. Nimekuja kujifuta."

Wakadhani jua limenipiga. Nikawaeleza. Lupiro, mkono, mto, uji wa Serafina, yote. Nilisema kwamba Serafina aliongopa kwa ajili yangu, na kama kuna kosa waliandike kwenye jina langu. Nilikuwa natetemeka, nikawa navuta pumzi kama ulivyotufundisha, ndani kwa nne, nje kwa sita. Karani akaniuliza kama nina pumu.

Masanja alikuwa nje anasubiri kesi yake ya malisho. Akaingiza kichwa dirishani. "Mkianza kufuta waliotoka kwingine, anzeni na mimi niliyetoka Shinyanga. Kisha wewe Valentino, babu yako alishuka kutoka Mahenge. Karani, una wino wa kutosha?" Wakamwambia anyamaze. Alinyamaza, ila dirishani hakuondoka.

Jina langu limepigwa mstari. La Serafina limebaki, lakini si kiongozi wa wanawake tena. Anasema afadhali, mikutano ilikuwa inamchosha. Najua si kweli. Ananiambia kiwanja chake kina pembe nne na yeye anatumia tatu. Sijamjibu.

Sasa onyesheni mnachotaka. Wamesikia kwangu kwanza. Ng'ambo nako maneno yatafika, hapa kila mtu ana shemeji Lupiro.

Paskazia


Kambini, Ifakara,
20 Julai 1998

Verediana,

Barua yako ya tarehe moja niliipata baada ya kutuma yangu ya tarehe mbili. Zimepishana njiani, labda Mikumi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua ni ya nini. Sasa najua.

Kwanza habari. Anselim alikuja. Jumatatu iliyopita, kwa baiskeli, asubuhi, tukiwa tumelala kwenye mikeka. Sasa mazoezi naendesha mimi. Nilisikia kengele ya baiskeli nikaijua. Nikafumbua macho, nikamwona amesimama miguuni kwa Kristina. Serafina akakaa, hata kanga hakuitoa begani, akamwambia, "Shemeji, hapa hatuingiliwi. Kaa pale pembeni mpaka tumalize."

Anselim ni mtu wa kugombana na mtu aliyesimama. Wanawake kumi na mmoja waliolala chini hakujua aanzie wapi. Akakaa. Niliwalaza muda mrefu kuliko siku zote, na hakuna aliyelalamika. Tulipoamka tuliamka pamoja. Alisema amekuja kunichukua, watu wanamcheka kwamba mkewe amemsema mbele ya serikali. Nikamwambia nilichosema ni kweli, kama kuna uongo aende kwa Mzee Valentino akaurekebishe. Akaniangalia mkono. Akaomba maji ya kunywa, Yunis akampelekea kikombe, akanywa, akapanda baiskeli. Sijui kama atarudi. Nalala upande wa Serafina, na Masanja amehamishia mbuzi wake mlangoni kwetu, anasema ni walinzi.

Filamu tumeiona juzi. Maji na ng'ombe, kama Donati alivyosema. Masanja aliona ng'ombe wake wameelea akatoka nje, hakurudi. Kwenye mazoezi tupo, tumefunikwa, dakika moja kutoka kwenye kanda nyingine. Uso wangu haupo kabisa. Nilikaa mpaka mwisho, mpaka majina. Lako halipo pia.

Sasa hasira yangu. Ulinirekodi bila kuniuliza. Sawa, umekiri. Halafu ukanifuta bila kuniuliza. Mimi niliandika toa maneno yangu. Toa, usiyaonyeshe. Sikusema yachome. Siku ile kambini ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema jambo lile kwa mdomo wangu. Mbele ya kamati ilikuwa mara ya pili, na nilikuwa natetemeka. Mara ya kwanza unasema nilikuwa na sauti nyepesi. Mimi sijawahi kuisikia sauti yangu nyepesi. Wewe umeisikia mara nyingi mno, Donati ameisikia, mashine imeisikia. Ningependa kujiona mara moja, mlango umefungwa, mimi na wewe. Halafu ningekwambia futa, au ningekwambia nipe nikaiweke sandukuni.

Ulidhani unanilinda. Anselim naye husema hivyo.

Samahani kwa mstari huo wa mwisho. Nimeufikiria na nimeamua kuuacha.

Paskazia


Mahenge,
29 Julai 1998

Dada Paskazia,

Mstari ule uache. Nimeukubali, si kwa unyenyekevu, ila kwa sababu nimejaribu wiki nzima kuubishia na sikuweza.

Niko nyumbani kwa mama. Donati hakunifukuza kwa maneno. Alikaa chini mbele ya ile skrini nyeusi, akasema, "Hukuniambia. Ungeniambia." Nikaondoka mwenyewe. Yeye anasema sawa na wewe, na ninyi hamjawahi kukubaliana jambo lolote. Hilo nimelibeba kwenye treni mpaka Ifakara.

Ndiyo, nimepita Ifakara. Nilishuka stesheni, nikakaa kituo cha malori kwa muda wa saa nne nikisubiri gari la kuja huku. Kambi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu. Niliinuka mara tatu kuja, mara tatu nikakaa. Sikuwa nimeuliza. Nikajiambia labda huo nao ni woga umevaa nguo ya adabu, na mpaka sasa sijui.

Sina kanda ya kukupa. Ninachokumbuka naweza kukueleza, ukitaka. Naweza kukueleza ulivyokaa, ulivyoangalia, mkono wako ulikuwa wapi. Lakini nimejua kwamba hata kumbukumbu hiyo nitaitengeneza. Nitakupa uso ninaoutaka mimi.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. La kwanza, naweza kuja? Bila kamera, bila daftari. Kama unataka nije kulala kwenye mkeka kama wengine, wewe ukiendesha, nitakuja hivyo.

La pili, barua zako zote ninazo, na zangu nyingine nilizinakili kabla ya kuzituma, ni tabia niliyoitoa shule. Nikizipanga kwa tarehe ninaona ni kitu kizima. Naogopa ninavyoziangalia. Ni macho yaleyale niliyoangalia kanda. Nikurudishie, nichome, au nibaki nazo? Kama jibu ni hapana kwa yote, liandike vilevile. Sitagusa chochote mpaka unijibu.

Verediana


Kambini, Ifakara,
9 Agosti 1998

Verediana,

Barua hii nampa dereva wa lori, anasema Mahenge anafika kesho kama kivuko kinafanya kazi.

Kuja, njoo. Si Jumatano, Jumatano tunafyatua tofali za Serafina. Nimekubali ile pembe ya nne. Ukija utalala kwenye mkeka wa ukutani, ambao umeliwa nusu. Ukianza kunisaidia kufundisha nitakutoa. Jioni utanieleza uso wangu ulivyokuwa. Najua utautengeneza. Pale utakapokosea nitakwambia, mimi nilikuwepo.

Barua baki nazo, zako na zangu. Siku moja ukitaka kumsomea mtu, msomee, lakini zote, na ule mstari wa Anselim. Jina langu liache lilivyo, nimeshalitaja mwenyewe mbele ya kamati. Serafina nimemuuliza, amesema la kwake liandikwe kwa herufi kubwa. Masanja anasema la kwake sawa, ila uandike ng'ombe mia mbili.

La mwanangu badilisha. Ana miaka minne, akipewa kalamu anachora. Akikua umuulize.

Dada yako,
Paskazia